Omakase ya Ginza: yeni 38,000 kwa vipande 18. Tunalipia nini hasa?

#1 Mtoto wa Deep
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Tokyo kikazi, huu mwaka wa pili. Wiki iliyopita bosi wangu wa Kijapani anayekaribia kustaafu alinipeleka kwenye mkahawa wa sushi Ginza, wa aina wanayoiita omakase. Neno lenyewe linatoka kwenye kitenzi cha kumwachia mtu jambo alishughulikie. Yaani unamwambia mpishi "nakuachia wewe". Menyu hakuna. Viti vinane tu, vyote vimepangwa kwenye kaunta ya ubao mweupe, mpishi yuko mbele yako hatua moja. Anakata, anafinyanga wali kiganjani, anakuwekea kipande kimoja, unakula, anaweka kingine. Saa moja na nusu, vipande 18, supu, yai, chai. Bili ya mtu mmoja yeni 38,000, kama dola 250 hivi.

Sasa mimi ni mtoto wa mvuvi. Baba amevua Tanga zaidi ya miaka thelathini. Nimekulia pale Deep Sea nikiona jodari anashushwa alfajiri, na ikifika saa sita anauzwa bei ya kutupa kwa sababu barafu imekwisha. Siku ile nilipowekewa kipande cha jodari kisichozidi upana wa vidole viwili, nikakitia mdomoni kikayeyuka, nilishindwa kuongea. Sijawahi kula samaki mtamu kama yule. Na papo hapo moyo ukaniuma, nikamuwaza mzee.

Swali langu: ile bei ni ya nini? Samaki? Ufundi? Jina la Ginza? Waliowahi kula, waliofanya kazi jikoni, wanaojua samaki, karibuni.

#2 Kipepeo wa Dodoma
Laki sita na ushee kwa wali na samaki mbichi? Mkuu hapo umelipia pango la Ginza. Ile ni ardhi ya bei kubwa kuliko karibu zote Japani. Samaki yuleyule mpeleke mtaa wa pembeni, bei inashuka nusu.

#3 Mpishi wa Yokohama
Nimefanya kazi kwenye majiko ya huku miaka sita, mawili kati ya hayo ni ya sushi. Mleta uzi, wewe na #2 mnaangalia samaki, na mpishi wako usiku ule alikuwa anahangaika na wali.

Neno sushi halina maana ya samaki mbichi. Asili yake ni uchachu. Zamani sana samaki alilazwa kwenye wali wenye chumvi miezi kadhaa mpaka ukachacha, wali ukatupwa, akaliwa samaki. Kule ziwa Biwa bado wanatengeneza hivyo, wanaiita funazushi, na harufu yake si ya mchezo. Baadaye wakaona siki inaleta uchachu uleule kwa haraka.

Kwenye mikahawa ya daraja hilo wali hupikwa mkavu kidogo, mara nyingi mchele wa mavuno ya nyuma kwa sababu una maji machache na unanyonya siki vizuri. Wengi wanatumia siki nyekundu inayotokana na machicha ya sake, ile pombe yao ya mchele. Wali unatakiwa uwe na joto la mwili wa binadamu unapoufinyanga. Ukipoa, umeharibika. Ukiubana sana unakuwa donge, ukiulegeza unamwagika kabla haujafika mdomoni. Ule wa kwako uliachana wenyewe juu ya ulimi, sivyo?

#4 Mtoto wa Deep
#3 ndivyo hasa! Na ulikuwa na rangi ya kahawia kidogo, nikadhani wameweka sosi. Shukrani.

#5 Kijana wa Kisauni
Nyote mwazunguka tu. Samaki ni freshi, basi. Ametoka Tsukiji alfajiri ileile, jioni yuko kwa sahani. Sisi Mombasa twala jodari aliyelala kwenye barafu siku mbili. Hapo ndipo tofauti ilipo.

#6 Dada Chaza
Kaka yangu wa Kisauni, mambo mawili. Kwanza, mnada wa jumla ulihama Tsukiji mwezi Oktoba 2018 ukaenda Toyosu. Tsukiji yamebaki maduka ya nje na watalii. Pili, jodari wa omakase ni nadra kuliwa siku aliyofika. Akiwa mkubwa, nyama yake siku ya kwanza ni ngumu na haina ladha. Mpishi anaifunga kwa karatasi, anaiweka kwenye baridi, anabadilisha karatasi kila siku. Siku kadhaa, wengine zaidi ya wiki. Nimesomea teknolojia ya samaki, na kilichonichukulia muda mrefu kuwaelewesha ndugu zangu ni kwamba samaki mzuri kuliwa si lazima awe aliyekufa sasa hivi. Muhimu ni jinsi alivyokufa na alivyotunzwa tangu dakika ile: anauawa mara moja kwa kuchomwa kwenye ubongo, anatolewa damu, waya unapitishwa kwenye uti wa mgongo, anaingia kwenye barafu. Akifa kwa kujipigapiga juu ya sitaha ya mashua, nyama inapata joto na asidi, na hakuna mpishi atakayeirudisha.

Mtoto wa Deep, baba yako hakuwa na samaki mbaya. Alikosa barafu.

#7 Mtoto wa Deep
Dada, sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu.

#8 Kijana wa Kisauni
Nimekubali la Tsukiji. La pili bado. Samaki wa wiki mbichi, hapana, mimi sili.

#9 Hesabu Kali
Tuache hisia, tupige hesabu. Viti vinane, awamu mbili kwa usiku, ni watu 16. Mara yeni 38,000 ni yeni 608,000. Inaonekana nyingi. Toa samaki wa daraja la juu, pango, wasaidizi wawili au watatu, samaki aliyebaki ambaye hauzwi kesho. Hakuna mtu wa 17 wa kuongeza, kwa sababu mpishi ana mikono miwili. Mkahawa wa kawaida ukijaa unaongeza meza. Huu hauwezi. Kwa hiyo jibu langu ni moja: unalipia uchache wa viti.

#10 Mzee wa Ujiji
Uchache wa viti haufanyi chakula kiwe kitamu, Hesabu Kali. Kinyozi wangu ana kiti kimoja na ananyoa kwa elfu mbili.

#11 Hesabu Kali
😂 Mzee, kinyozi wako hanunui jodari! Mwaka 2019, mnada wa kwanza wa mwaka pale Toyosu, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6. Piga hesabu kwa kilo uone.

#12 Mpishi wa Yokohama
Huyo wa 2019 msimchukulie kama kipimo. Mnada wa kwanza wa Januari ni baraka na matangazo. Aliyemnunua ni Kiyoshi Kimura, mwenye mikahawa ya Sushizanmai, na vipande vya yule samaki viliuzwa kwa wateja wake kwa bei ya kawaida. Siku nyingine za mwaka jodari wa aina ileile hauzwi hata karibu ya hapo.

Na niwaambie jambo ambalo wageni hawalitarajii: lile tumbo lenye mafuta mnaloliita tamu kuliko yote, zamani lilikuwa la kutupwa. Kulikuwa na msemo kwamba hata paka anaruka juu yake anapita. Mafuta huharibika haraka, na friji hazikuwepo. Walichothamini ni nyama nyekundu iliyolowekwa kwenye sosi ya soya ili isioze.

#13 Bi Mwanaidi wa Muscat
Assalaam alaykum. Mwanangu yuko Tokyo na rafiki zake wamemwalika mahali kama hapo. Samaki kwetu hana shaka. Je, hiyo siki ya machicha ya sake, na sosi wanayopaka juu, zina ulevi? Nataka jibu la mtu anayejua jiko.

#14 Mpishi wa Yokohama
Waalaykum salaam, Bi Mwanaidi. Nitakueleza kilichomo, hukumu ni ya wanaojua dini. Siki nyekundu imetoka kwenye machicha ya sake lakini imeshageuka siki. Ile sosi inayopakwa kwa brashi, inayoitwa "nikiri" kwa Kijapani, mara nyingi ni soya iliyochemshwa pamoja na mirin au sake. Mirin halisi ni pombe ya kama asilimia 14 kabla ya kuchemshwa. Sosi nzito tamu inayopakwa juu ya mkunga nayo ina mirin. Hata yai wengine wanatia. Aseme mapema, siku anayoweka nafasi, asingoje akishakaa. Wapo watakaompakia chumvi na ndimu badala ya nikiri, na wapo watakaosema samahani hatuwezi.

#15 Mwanachuo wa Zanzibar
Kuongezea #14: kwenye siki iliyokwisha kugeuka, masheikh wengi niliowasikia hawana tatizo. Kwenye mirin ndipo penye maneno. Kijana amuulize sheikh anayemwamini. Na aseme mapema kweli, maana sahani zote zinapangwa kabla hajafika.

#16 Bi Mwanaidi wa Muscat
Allah awalipe kheri wanangu. Nimempelekea ujumbe.

#17 Ndugu wa Bukavu
Nimesoma yote. Naona mnasahau historia. Omakase ni mila ya miaka 200 ya mabwana wa Japani, ndiyo maana bei iko vile. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa.

#18 Dada Chaza
Hapana ndugu, ni kinyume. Sushi ya kufinyanga ilikuwa chakula cha mtaani. Anayetajwa zaidi kuianzisha ni Hanaya Yohei, mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, miaka ya 1820. Iliuzwa vibandani, mtu anasimama, anakula vipande viwili vitatu vikubwa kwa mkono, anaendelea na safari yake. Wazieni chipsi mayai ya stendi. Samaki walitoka ghuba ya mbele ya mji, na kwa kuwa friji hakuna, kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu chumvi na siki, yule anachemshwa, mwingine analowekwa kwenye soya. Kazi hizo ndizo zinazoitwa mtindo wa Edo mpaka leo. Tetemeko la 1923 lilipobomoa Tokyo, wapishi wengi walirudi makwao, na sushi ya Edo ikaenea nchi nzima.

Na kumwachia mpishi kila kitu si kwa zamani hivyo. Kawaida ilikuwa mteja kuagiza kipande kimoja kimoja anachopenda.

#19 Mpishi wa Yokohama
Kweli tupu. Na baada ya vita, mwaka 1947, serikali ilifunga migahawa kwa sababu ya uhaba wa chakula. Wapishi wa sushi Tokyo wakapewa ruhusa maalumu: mteja analeta kikombe kimoja cha mchele wake, mpishi anampa vipande kumi na kutoza ufundi tu. Kisheria hakuuza chakula, aliuza kazi ya mikono yake. Mtoto wa Deep, liweke hilo pembeni ya swali lako.

#20 Kipepeo wa Dodoma
Hapo #19 umenigusa. Ila bado nasema pango.

#21 Shangazi Pweza
Wanangu, mimi ni wa Jambiani. Naomba kujua, pweza wanamfanyaje? Nimesikia wanamkanda kama mtoto mchanga.

#22 Mpishi wa Yokohama
Shikamoo shangazi. Ndiyo, anakandwa kwa mikono, kwingine nusu saa, kwingine karibu saa nzima, halafu anachemshwa taratibu. Kazi hiyo ni ya mwanagenzi, nami nimeifanya mpaka vidole vikafa ganzi.

#23 Shangazi Pweza
Marahaba. Sisi maji ya bamvua yakitoka tunakwenda mwambani na vijiti vyetu, tukimpata tunampiga juu ya jiwe mpaka alegee. Mama yangu alikuwa anasikiliza mlio. Akipigwa mara ya kwanza analia kivingine, akishalainika mlio unakuwa mzito, ndipo unaacha. Kwa hiyo hao Wajapani na sisi tumejua jambo lilelile. Wao wanalipwa yeni.

#24 Mtoto wa Deep
Shangazi, niliwekewa pweza siku ile. Alikuwa laini, lakini wa bibi yangu wa Pangani, wa nazi, simwachii mtu.

#25 Kijana wa Kisauni
Mkuu umeanza uzi wa jodari sasa wataja pweza wa nazi saa nne usiku. Mwatutesa.

#26 Mkaazi wa Nagoya
Mimi niliumizwa na omakase. Niliweka nafasi ya watu wawili, mke akapata homa siku ileile. Nikapiga simu mchana. Tukakatwa fedha yote ya watu wawili kwenye kadi. Niliwaeleza hali, wakajibu kwa adabu kubwa sana na hawakurudisha hata yeni moja. Nilikasirika wiki nzima. Mtu ni mgonjwa!

#27 Hesabu Kali
Pole sana kwa shemeji. Lakini rudi #9. Viti viwili kati ya vinane ni robo ya mkahawa, na samaki wako alishanunuliwa asubuhi.

#28 Mkaazi wa Nagoya
Hesabu naielewa. Nilitaka utu.

#29 Dada Chaza
Wote mna haki, na mimi pia ningeumia. Kwa watakaokwenda: msijipulizie manukato, kaunta nzima inanusa. Fikeni dakika tano kabla, kwa sababu wengi wanaanza watu wote kwa pamoja. Kula kwa mkono ni sawa kabisa. Kipande kikiwekwa, kiliwe, msikiache kikipoa mkipiga picha. Tangawizi ni ya kusafisha ulimi, haiwekwi juu ya sushi. Bakshishi hakuna Japani.

#30 Mzee wa Ujiji
Kula kwa mkono? Basi sisi tumeshafuzu nusu ya mtihani.

#31 Ndugu wa Bukavu
Asante Dada Chaza kwa kunisahihisha. Swali: nilikula sushi ya samoni Brussels, ilikuwa tamu sana. Kwa nini mleta uzi hakutaja samoni?

#32 Dada Chaza
Kwa sababu hukupewa, au siyo Mtoto wa Deep? Mikahawa inayofuata mtindo wa Edo wengi hawaweki samoni. Zamani samoni wa Japani hakuliwa mbichi kwa ajili ya minyoo. Walioleta wazo la kumla mbichi ni Wanorwe, miaka ya 1980, walipotafuta soko la samoni wao wa kufugwa. Na hapa niwaonye wanaotaka kujaribu nyumbani: siki haiui ile minyoo, wala ndimu haiui. Kugandisha kwenye baridi kali ndiko kunakoua, na friji nyingi za nyumbani hazifiki.

#33 Mtoto wa Deep
Kweli, samoni hakuwepo. Kilichonishangaza zaidi ni kisamaki kidogo cha ngozi ya fedha yenye madoadoa, kohada, ndugu wa yule samaki wetu aitwaye simu. Bosi wangu alifumba macho alipokila. Akaniambia hicho ndicho anachompimia mpishi.

#34 Mpishi wa Yokohama
Bosi wako ni mlaji. Jodari ukiwa na fedha unanunua, na aliyekuuzia ameshafanya nusu ya kazi. Kohada ni samaki wa bei ndogo. Dakika ngapi kwenye chumvi, ngapi kwenye siki, inategemea unene, mafuta, hata hali ya hewa ya siku ile. Dakika tatu zikizidi amekuwa achari. Mwalimu wangu alikuwa anamgusa kwa kidole tu na kusema toa.

Kuna msemo wa zamani: miaka mitatu ya kupika wali, minane ya kufinyanga. Hiyo miaka ndiyo bei, kwa maoni yangu.

#35 Kipepeo wa Dodoma
Hiyo ya miaka kumi na moja nina shaka nayo. Huko huko Japani, Takafumi Horie, mfanyabiashara, alisema hadharani mwaka 2015 kwamba kukaa miaka yote hiyo kujifunza sushi ni upumbavu, na zipo shule za miezi michache zinazotoa wapishi.

#36 Mpishi wa Yokohama
Zipo, na wapo wazuri waliotoka huko. Kufinyanga utafundishwa miezi mitatu. Kujua jodari huyu wa leo anahitaji siku ngapi, sijui shule inayokupa hilo kwa miezi.

#37 Dada Chaza
Hapa nasimama na Kipepeo. Miaka hiyo mingi ilitumika pia kuwafungia watu mlango. Wanawake waliambiwa mikono yao ina joto, itaharibu samaki. Nimepima joto la mikono maabara, wanaume kwa wanawake, kwa kazi nyingine kabisa. Watu wanatofautiana, na ukiosha mkono kwa maji baridi habari imekwisha. Mwaka 2010 ulifunguliwa mkahawa mtaa wa Akihabara, Tokyo, unaitwa Nadeshico, wapishi wote wanawake. Walifinyanga na watu wakala.

#38 Shangazi Pweza
Wallahi! Pwani kwetu aliyemjua pweza ni mwanamke.

#39 Ndugu wa Bukavu
Yule mzee maarufu wa sushi, Jiro, si alinyang'anywa nyota za Michelin, kile kitabu kinachopima mikahawa, kwa sababu chakula kilishuka?

#40 Hesabu Kali
Hapana. Sukiyabashi Jiro ilikuwa na nyota tatu, na mwaka 2019 ikaondolewa kwenye kitabu kwa sababu haipokei tena nafasi kutoka kwa umma. Ni viti kumi tu, chini ya jengo karibu na stesheni ya treni Ginza. Obama alikula pale na Abe, waziri mkuu wa Japani wa wakati ule, mwezi Aprili 2014. Mnaona? Viti. Narudi palepale.

#41 Mzee wa Ujiji
Hesabu Kali, wewe hata ukifa utauliza kaburi lina viti vingapi 😂. Mimi sijala sushi na sitakula. Ila nimesoma tangu juu na nina wazo. Hapa Kigoma kuna mama ninayemnunulia migebuka. Simchagulii. Namwambia nipe wa leo wanaofaa, ananipa, nalipa. Akisema leo usinunue, sinunui. Miaka kumi na tano sijarudi na samaki mbaya. Akinipandishia bei kidogo nampa, kwa sababu najua siku ya samaki mbaya angeniambia. Mimi nadhani huyo bosi wa mleta uzi alikuwa analipia hilo.

#42 Mkaazi wa Nagoya
Mzee, lakini mama yako wa migebuka hakutozi siku mke akiugua.

#43 Mzee wa Ujiji
Hapo umesema.

#44 Kijana wa Kisauni
Na kama ni kuaminiana, kwa nini mgeni wa mara ya kwanza alipe bei ileile? Hamjui mpishi, mpishi hamjui. Mimi naenda zangu ya mkanda, sahani zazunguka, nachagua kwa macho. Hiyo nayo ni yao: Yoshiaki Shiraishi alifungua ya kwanza huko Osaka mwaka 1958, baada ya kuona mkanda wa chupa kwenye kiwanda cha bia.

#45 Mtoto wa Deep
Wakuu, shukrani. Leo nimemuuliza bosi. Nimemtafsiria posti ya #41 na ya #9, maana zilinikaa. Akacheka, akasema amekula pale miaka 22, na mpishi hajawahi kumuuliza anapenda nini, ila ameona tangu mwaka jana wali wake umepunguzwa kidogo. Hakuwa amemwambia mtu kwamba tumbo linamsumbua.

Halafu nikampigia mzee Tanga, nikamweleza lile la waya kwenye uti wa mgongo. Akanyamaza, akauliza: waya wa unene gani?

Dada Chaza, naomba unijibu hilo, nimwambie kesho kabla hajatoka.

#46 Dada Chaza
Nimekutumia ujumbe wa faragha, na mchoro. Mwambie kabla ya waya ahakikishe barafu.